GARI YA MZIGO INALIA NYUMA? SIKILIZA KWANZA KABLA HUJATOA HELA

Somo la leo halihusu picha za bidhaa wala jinsi ya kumjibu mteja anayesema "bei ya mwisho?". Leo ni gari. Najua wengi wetu tunatuma mizigo kwa basi na bodaboda, lakini kila mara kuna mwenzetu anauliza: "Nimenunua kagari ka kubebea mzigo, kana namba E kabisa, mbona huku nyuma kunalia wiiiii kama mluzi?"

Hilo limenikuta mimi. Nusura nile hela za wateja kumi na wanne kwa sababu ya mlio. Soma mpaka mwisho, inaweza kukuokolea mtaji.

ILIVYONIKUTA

Mimi nauza mtandaoni nikiwa Kilwa Masoko. Pweza wakavu, dagaa, nazi na chumvi. Wateja wengi wako Dar, wengine Lindi mjini na Mtwara. Mzigo wa Dar naupeleka Nangurukuru kwenye barabara kuu, mabasi yanakopita. Wa Lindi naupeleka mwenyewe. Kwa kazi hiyo nilinunua Kirikuu, ile Suzuki Carry yenye kabodi ka nyuma. Namba E, rangi inang'aa, viti bado vina nailoni. Nikajiambia nimemaliza shida za usafiri.

Miezi mitano baadaye natoka Lindi na gari tupu, nimeshaipita Mchinga, nikasikia mluzi kwa nyuma. Mwembamba. Nikipunguza mwendo unapotea, nikifika 60 unarudi. Nikaongeza sauti ya redio. Ndiyo, nilifanya hivyo, na wewe ungefanya.

Wiki mbili baadaye redio haikutosha tena. Nikaenda kwa fundi. Akapanda, akaendesha kama mita mia mbili, akashuka: "Dada, difu imekufa hiyo. Tafuta laki tisa nikuletee nyingine toka Dar."

Nikaangalia simu. Kulikuwa na laki tisa na arobaini. Lakini laki saba kati ya hizo zilikuwa advansi za wateja kumi na wanne waliokuwa wanasubiri mzigo. Hela yangu mimi ilikuwa laki mbili na arobaini tu.

Usiku nilishaandika namba ya fundi na kiasi kwenye simu. Kilichobaki ni namba ya siri. Sikuiweka. Asubuhi nikaenda Kivinje kwa fundi mmoja mzee.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Inalia ukikanyaga mafuta au ukiachia?"

Sikujua.

"Ukikata kona inabadilika?"

Sikujua pia.

"Basi nenda kaisikilize. Ukishajua, rudi."

Hakushika hata spana. Nilikasirika kidogo, lakini lile ndilo lilikuwa somo lenyewe, na ndilo ninalokupa leo.

HATUA YA 1: JUA GARI YAKO INASUKUMWA NA TAIRI ZIPI

Kabla mtu hajakuambia difu ya nyuma imekufa, jiulize: gari yangu ina difu nyuma?

Kirikuu, Hiace, Townace na Hilux zinasukumwa na tairi za nyuma. Injini inazungusha propela shafti, shafti inaingia kwenye difu, lile bonge katikati ya ekseli ya nyuma, na difu ndiyo inazungusha tairi. Hizo zina difu nyuma.

Lakini IST, Vitz, Passo, na Probox au Noah nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zinavutwa na tairi za mbele. Difu yao iko mbele, ndani ya gia boksi. Nyuma kuna tairi, beringi na breki basi. Difu ya nyuma ipo tu kama gari ni fowili. Kwa hiyo ukiwa na Probox ya kawaida na mtu akakuambia "difu ya nyuma imekufa", msalimie vizuri, washa gari, ondoka.

Kujua ni rahisi. Chungulia chini kwa nyuma. Ukiona bonge la chuma katikati na bomba refu linalotoka mbele kuja kuliingia, una difu nyuma. Usipoliona, huna.

HATUA YA 2: NAMBA MPYA SIO GARI MPYA

Namba E inakuambia gari ilisajiliwa lini hapa Tanzania. Haikuambii ilitengenezwa lini, ilibeba nini huko ilikotoka, wala oili ya difu ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Wengi tukinunua gari tunabadilisha oili ya injini siku ya pili na kujisifu. Ya difu hatuigusi, maana haina taa ya kutuonya pale mbele kwenye dashibodi. Inakaa miaka, inachoka kimya kimya.

Ukinunua gari iliyotumika, hata kama inang'aa kama sahani ya harusi, badilisha oili zote: injini, gia boksi na difu. Andika tarehe na kilomita.

Na kama umenunua gari mpya kabisa yenye dhamana ya muuzaji, usiruhusu fundi wa mtaani afungue difu. Peleka kwa aliyekuuzia, eleza kwa maandishi gari inalia kwenye mwendo gani, waombe waendeshe pamoja na wewe, na ubaki na nakala. Ukishafungua mwenyewe, unampa sababu ya kukukatalia.

HATUA YA 3: JARIBIO LA BARABARANI

Tafuta barabara iliyonyooka, ya lami, nje ya kijiji, isiyo na magari. Sisi huku tunayo mingi tu kati ya Nangurukuru na Mbwemkuru. Zima redio, funga vioo. Chukua mtu akae na wewe asikilize, wewe kazi yako ni kuendesha.

Kwanza, gari ikiwa imesimama, weka gia fri, pandisha injini taratibu. Ukisikia mlio uleule hapo hapo, shida haiko kwenye ekseli ya nyuma. Ni injini, mikanda au gia boksi.

Pili, nenda 60 mpaka 70. Kanyaga mafuta kidogo, sikiliza. Achia mafuta gia ikiwa imeingia, sikiliza. Kisha shikilia mwendo mmoja bila kuongeza wala kupunguza, sikiliza.

Tatu, ukiwa kwenye mwendo huo, yumbisha gari polepole kushoto halafu kulia, kama unakwepa shimo kwa mbali. Sikiliza.

Nne, weka gia fri, gari itembee yenyewe. INJINI USIZIME. Ukizima breki zinakuwa ngumu, na usukani unaweza kujifunga.

Sasa tafsiri:

- Mlio unabadilika ukikanyaga au ukiachia mafuta: elekea kwenye difu. Ukilia zaidi unapokanyaga, mara nyingi ni meno ya kraun na pinioni au oili. Ukilia zaidi unapoachia, beringi ya pinioni nayo ichunguzwe.
- Mafuta hayabadilishi kitu, lakini mlio unabadilika ukiyumbisha gari: elekea kwenye beringi ya tairi. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia, kwa hiyo mlio ukipanda hapo, ya kulia ndiyo mshukiwa. Na kinyume chake.
- Mafuta hayabadilishi, kona haibadilishi, lakini ukitoka lami mpya kwenda lami chakavu au vumbi sauti inakuwa nyingine: elekea kwenye tairi.
- Ni mtetemo unaousikia kwenye kiti zaidi ya mlio: elekea kwenye propela shafti na viungo vyake.

Hii sio hukumu ya mwisho. Ila ukienda kwa fundi na maelezo haya, utaona anavyokuheshimu. Na bei nayo inakuheshimu.

HATUA YA 4: JARIBIO LA MKONO

Anza na tairi, haligharimu kitu. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda mbele na kurudi nyuma. Ukihisi mawimbi au meno kama msumeno, tairi hilo linaweza kulia hata likiwa jipya kwa macho. Hamisha za nyuma ziende mbele. Mlio ukihama nazo, umeshamaliza kesi bila kununua kitu.

Kisha beringi. Weka mawe kwenye tairi za mbele, inua nyuma kwa jeki, weka stendi. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Kama hendibreki inakamata tairi za nyuma, iachie. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, kuna shida. Lizungushe kwa mkono. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga ndani ya kinu, kuna shida. Beringi usiahirishe. Ikifa kabisa tairi linaweza kukwama au kutoka gari ikiwa kwenye mwendo.

HATUA YA 5: FUNGUA OILI, ITAKUAMBIA UKWELI

Difu ina nati mbili: ya kujazia, iko juu kidogo ubavuni, na ya kumwagia, iko chini. Sheria ya kwanza: fungua ya KUJAZIA kwanza. Ukianza na ya chini, oili ikamwagika, halafu ya juu ikagoma kwa kutu, umebaki na difu kavu na gari haiendi popote.

Gari ikiwa kwenye usawa, oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Chovya kidole. Usipoigusa, imepungua, na kupungua peke yake kunatosha kuliza difu.

Kisha iangalie:

- Nyeusi na inanuka kuungua: imezeeka au difu imepata joto sana.
- Kama chai ya maziwa: imeingia maji.
- Uji laini wa chuma kwenye sumaku ya nati: ni kawaida kwa difu iliyofanya kazi.
- Chenga au vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole: kuna kitu kinavunjika. Usiendelee kubeba mzigo.

Angalia pia kama kuna unyevu wa oili pale shafti inapoingilia kwenye difu, na ndani ya tairi upande wa breki. Huko ni sili zimechoka, na oili ikifika kwenye breki hiyo ni hatari nyingine kabisa.

Oili ya difu sio oili ya injini. Difu nyingi za nyuma zinataka oili ya gia yenye maandishi GL-5, unene kama 80W-90 au 75W-90, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Usikubali "weka yoyote, zote ni oili". Na wale wa "tuweke nzito au tuchanganye na grisi sauti itakufa", huo ni ujanja wa mtu anayetaka kuuza gari. Sauti inajificha, ugonjwa unaendelea.

YANGU ILIKUWA NINI?

Nilirudi Kivinje na majibu: inalia nikikanyaga, nikiachia inapungua, kona haibadilishi. Mzee akaguna, akafungua nati ya juu. Kidole kikatoka kikavu. Akafungua ya chini, ikatoka kidogo, nyeupe kama chai ya maziwa.

"Mwanangu, gari hii unaiogesha baharini?"

Hapo nikakumbuka. Mashua zikifika, narudisha gari kinyumenyume mpaka majini ili wasibebe matenga mbali. Tairi za nyuma zinazama nusu. Nilikuwa najiona mjanja.

Akanieleza. Difu ikitembea inapata moto, hewa ya ndani inatanuka. Ukiiingiza ghafla kwenye maji inapoa, hewa inanywea, na difu inavuta. Ina kipumulio kidogo juu ya ekseli. Kikiwa kimezama, au kimeziba kwa tope na njia ikabaki kwenye sili zilizochoka, inavuta maji. Na maji ya chumvi kwenye beringi ni sumu. Kipumulio changu kilikuwa kimeziba kabisa, na sili ya mbele inavuja.

Hili sio la wavuvi peke yao. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, mafuriko yalikata barabara kuu huku Kilwa, Somanga ikiwemo. Kama gari yako ilipita kwenye maji kipindi kile au msimu wowote wa masika, na hujafungua difu mpaka leo, kaifungue wiki hii.

Matibabu yangu: sili mpya, kipumulio kikazibuliwa, oili mpya, nikatembea siku tatu bila mzigo, ikamwagwa, ikawekwa nyingine. Jumla laki moja na themanini, oili zote mbili, sili na ufundi. Mlio ulipungua sana. Sitakudanganya kwamba ulikwisha. Mzee aliniambia wazi: "Meno yameshaliwa kidogo, hayarudi. Itakutumikia, lakini ipunguzie mzigo."

KUHUSU MZIGO SASA

Hapa ndipo nilipoona aibu. Kirikuu zinazotoka Japani ni za daraja la magari madogo: injini haizidi cc 660, na mzigo unaoruhusiwa ni kilo 350. Mia tatu na hamsini! Hiyo ni mifuko saba ya kilo 50. Mimi nilikuwa napakia mifuko kumi na miwili ya chumvi, na matenga ya pweza juu yake. Zaidi ya kilo 600. Nikashangaa gari "mpya" inalia.

Sawa, najua mtaani tunapakia mpaka bodi inagusa tairi. Lakini piga hesabu. Safari moja ya mifuko kumi na miwili iliniokolea mafuta ya safari ya pili. Difu ingekula laki tisa. Unahitaji safari ngapi za "kuokoa mafuta" kurudisha laki tisa?

KAMA DIFU KWELI IMEKUFA

Inatokea. Basi zingatia haya:

1. Kraun na pinioni hubadilishwa pamoja kama seti, hazichanganywi. Kupanga nafasi kati ya meno yake kunataka fundi anayepima. Anayekaza kwa kukisia atakurudishia mlio ndani ya mwezi.
2. Ukinunua difu nzima ya mtumba, hesabu ya meno ifanane na yako. Kwa gari ya fowili hili halina mjadala: mbele na nyuma zikitofautiana utaua vyote. Piga picha kibati cha gari na ubebe unapokwenda dukani.
3. Omba difu ifunguliwe mbele yako, na uondoke na vyuma vya zamani. Fundi mkweli hatachukia.
4. Andikishianeni, hata kwa ujumbe wa simu: spea gani, bei gani, dhamana ya siku ngapi.

NA ZILE HELA ZA WATEJA?

Nimeacha hili mwisho makusudi. Kama ningemlipa yule fundi wa kwanza, ningekuwa na difu ambayo sikuihitaji, kipumulio bado kimeziba, ningeendelea kuirudisha baharini, na wateja kumi na wanne wangekuwa wananiita tapeli kwenye magrupu.

Nilichofanya ni kumwandikia kila mmoja: "Gari ya mzigo imepata hitilafu, oda yako itachelewa siku nne. Ukitaka hela yako narudisha leo." Wawili walitaka, nikawarudishia saa ileile. Mmoja wao ameshanunua tena mara tatu. Kumi na wawili walisubiri, mzigo wao nikaupeleka Nangurukuru kwa bajaji.

Tangu siku hiyo nina sheria tatu. Advansi inakaa laini tofauti na ya matumizi, siigusi mpaka mzigo utoke. Kila safari ya gari inatoa elfu tano kwenye kibubu cha gari, hata kama faida ilikuwa ndogo. Na nina daftari la gari lenye tarehe, kilomita na kilichofanyika.

Gari haitembei tena majini. Vijana wanabeba matenga mita thelathini, nawaongezea elfu mbili. Ni nafuu kuliko difu.

Gari yako ikianza kulia, usiongeze redio kama mimi. Ipunguze.

SWALI LA LEO: mara ya mwisho ulibadilisha lini oili ya difu? Kama jibu ni "ndiyo kitu gani hicho?", hifadhi posti hii na umtumie na yule unayempa mizigo yako aibebe. Yako wapi maoni, twende kazi.